MREJESHO: Kanu kuingia bandani mlango ukiwa umefungwa

Wadau, swali langu lilikuwa kanu (mnyama mwembamba kama paka, mla kuku) anaingiaje banda la kuku ilhali komeo la mlango limefungwa. Jibu lenu, kwamba nijaribu kusukuma kona ya chini ya mlango kwa mkono, lilikuwa sahihi: komeo lilikuwa moja, katikati, kona ikasogea nje karibu sm 5. Kanu kichwa kikipita, mwili unafuata.

Kilichofanyika: komeo mbili, juu na chini, kila moja sm 15 kutoka ukingoni. Bawaba zimeongezwa kutoka mbili hadi tatu, kwa skrubu za inchi 2. Misumari hulegea mbao ikikauka. Ndani ya fremu kuna mbao ya inchi 1 kuzunguka pande zote, mlango unaegemea hapo. Chini, kizingiti cha zege, uwazi usiozidi sm 1.

Wavu wa kuku wa matundu ya pembe sita umeng'olewa, mbwa huuchana. Sasa ni wavu wa nyaya zilizochomelewa, matundu ya nusu inchi, umefungwa kwa skrubu na washa (kibati cha duara chenye tundu) kila sm 10.

Kufuli? La wezi hilo. Kwa wanyama, pini ya chuma kwenye tundu la komeo inatosha.

Mvua zikianza mbao itavimba, mlango utakwama. Mtu asirande sana, kiangazi uwazi utarudi.