Mikataba ya wanyamapori mnasaini nyinyi, kwenye dungu nakesha mimi!

Wakuu, naandika nikiwa na usingizi na hasira. Usiku wa kuamkia leo tembo saba wameingia shambani kwangu. Nilikuwa juu ya dungu na debe bovu na tochi ya simu. Nimepiga debe mpaka mkono ukafa ganzi. Dume mmoja akageuka, akaniangalia, akaendelea kung'oa mahindi yangu. Asubuhi nakuta nyayo zimejaa maji na vinyesi vyenye vibunzi ndani. Kamba nilizopaka pilipili na oili chafu? Mvua ilishaosha zamani.

Nimeenda kuripoti, naambiwa shamba liko ndani ya mita 500 kutoka mpaka wa hifadhi, kifuta jasho sina. Kanuni za 2011 ndivyo zilivyopanga. Jirani aliyevuka mita 500 lakini hajafika kilomita moja, zilimpangia shilingi 25,000 kwa ekari. Elfu ishirini na tano! Hata hela ya palizi hairudi.

Kabla hamjaniita jangili: sipingi tembo kulindwa. Pori la Selous lilikuwa na tembo zaidi ya 100,000 miaka ya 1970; 2013 wakahesabiwa kama 13,000. Tumeona wenyewe mizoga. CITES, mkataba wa dunia wa kudhibiti biashara ya wanyama na mimea pori, angalau ina meno, nchi ikikaidi inaweza kufungiwa biashara. Mwaka 2010 kwenye mkutano wake kule Doha sisi Watanzania wenyewe tuliomba kuuza pembe za ghalani, tukagonga mwamba. Sawa. Ila meno hayo yanaishia bandarini. Pembe ikivuka mpaka wa nchi ni kesi ya dunia. Tembo mzima akivuka mpaka wa shamba langu, ni shauri yangu.

Mkataba wa bioanuwai (aina zote za viumbe hai) wa 1992 ndio ulipaswa kunisikia, nao ni kibogoyo. Malengo yake 20 ya 2010, yanayoitwa ya Aichi, kufika 2020 hakuna hata moja lililotimia lote. Desemba 2022 wakakutana Montreal, wakaandika mengine 23. La 4 linataja kabisa kupunguza migogoro ya binadamu na wanyamapori (nimelisoma kwenye simu, hukohuko juu ya dungu). La 19 linataja dola bilioni 20 kwa mwaka kwenda nchi zinazoendelea ifikapo 2025.

Anayejua hizo bilioni zinashukia kituo gani aniambie nikazisubiri.

Na kuna aliyewahi kuzungushia shamba mizinga ya nyuki? Inasaidia kweli au ni maneno ya semina? Jibuni mapema, jioni napanda tena.