Mdogo wangu ana kavenoma kwenye shina la ubongo, daktari mmoja anasema apasuliwe mwingine anasema tusubiri

DadaWaKwanza
Habari zenu wapendwa. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 27, mwezi wa tatu aliamka anaona vitu viwili viwili, uso upande wa kushoto ukawa na ganzi na akitembea anapepesuka kama amelewa. Mwanzo tukaambiwa ni stroke, MRI ndo ikaonyesha kavenoma, yaani kifundo cha vimishipa vya damu vilivyo dhaifu, kwenye ponsi (sehemu ya kati ya shina la ubongo) na imeshavuja damu. Akatulia, baada ya wiki sita ikavuja tena na sasa hivi jicho la kushoto halifungi vizuri, usiku namwekea plasta ili lisikauke. Daktari wa kwanza anasema huko ni ndani mno hakuguswi, wa pili anasema apasuliwe. Nimesoma pia kuna mionzi ya Gamma Knife. Kuna aliyepitia hili? Mama hali wala halali jamani.

Sista_Thieta
Pole sana dada. Mi ni nesi wa thieta, kesi za hivi nimesimama nazo kadhaa. Kitu cha kwanza, msiulize "iko ndani kiasi gani", ulizeni "imefika kwenye uso wa shina au bado imefunikwa na ubongo mzima?" Hapo ndo penye jibu, kwa sababu ponsi ni kama njia panda, nyaya zote za mikono, miguu, macho na kumeza zinapita pale, ukikata ubongo mzima ili uifuate kavenoma umemwongezea mgonjwa ulemavu, lakini ikiwa yenyewe imeshajitokeza nje daktari anaingilia palepale ilipochungulia. Wana mbinu wanaita nukta mbili: unaweka nukta katikati ya uvimbe, ya pili pale ulipokaribia uso wa shina kuliko kwingine, unaunganisha mstari hadi kwenye fuvu, ndo unapata pa kufungulia. Ikitokea nyuma wanapita chini ya serebelamu (ubongo mdogo wa kisogoni) bila kuikata, ya pembeni wanapita nyuma ya sikio.

Kwenye darubini inafanana na forosadi iliyoiva, na pembeni yake ubongo una rangi ya njano ya damu ya zamani. Haivutwi, inapunguzwa kidogo kidogo kutokea ndani. Mara nyingi jirani yake kuna vena (mshipa unaorudisha damu) kubwa ya kuzaliwa nayo, ile HAIGUSWI maana ndo inayotoa damu ya eneo lile. Usoni kwa mgonjwa kunakuwa na sindano nyembamba, daktari akigusa njia ya neva ya uso mashine inalia.

Na mjiandae, wengi wakitoka wanakuwa na hali mbaya kidogo kuliko walivyoingia, halafu inarudi taratibu kwa miezi.

BabaPacha
Pole dadangu. Mke wangu yake ilikuwa AVM kwenye thalamasi, katikati kabisa ya ubongo, tukaenda India. Usichanganye hivi vitu viwili, AVM ni ateri (mishipa inayoleta damu) zinamwaga damu moja kwa moja kwenye vena kwa presha kubwa, kavenoma damu yake inakwenda polepole hadi angiogramu (picha ya mishipa ya damu) haiioni. Sisi walitumia hesabu ya Spetzler na Martin ya 1986, ya kupima hatari ya kuipasua AVM: ukubwa, je iko sehemu nyeti, na je vena zake zinaelekea ndani. Yake ilikuwa sentimita 2 tu lakini kwa ajili ya mahali na vena ikawa daraja la 3, wakashauri Gamma Knife badala ya kufungua. Ilichukua karibu miaka mitatu kuziba na muda wote huo hatari ya kuvuja ilikuwepo, kila akisema kichwa kinauma mi roho juu. Kwa kavenoma mionzi bado wanabishana.

Sista_Thieta
Kweli kabisa kaka. Dada, imevuja mara mbili ndani ya muda mfupi, na ikishavuja miaka miwili ya mwanzo ndo ya hatari zaidi. Ingekuwa haijawahi kuvuja ningekwambia mkae nayo. Tafuteni daktari aliyezoea shina la ubongo hasa, mumuulize amefanya ngapi, msione aibu.

DadaWaKwanza
Mungu awabariki. Leo nimepeleka CD ya MRI kwa yule wa pili nikauliza kama mlivyonielekeza. Akageuza kioo, akaweka kidole nyuma ya ponsi akasema "hapa, imeshatoka nje." Anataka afanye ndani ya wiki tatu wakati damu bado ni laini. Nikamuuliza amefanya ngapi, akajibu bila kukasirika. Mdogo wangu mwenyewe amesema twende.