Viza ya Schengen (viza moja ya nchi nyingi za Ulaya): natua Amsterdam, nakaa Ujerumani. Niombe wapi?

Wakuu, salaam. Nipo Dar, nataka kusafiri siku 14 mwezi wa tisa: 10 Ujerumani, 4 Ufaransa. Ndege inatua Amsterdam kwanza, na ukaguzi wa kuingia nafanyiwa huko. Maombi napeleka Uholanzi au Ujerumani? Na benki niwe na shilingi ngapi?

Jibu 1
Peleka Ujerumani mkuu. Inaangaliwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, siyo uwanja wa kutua. Nchi ya kuingilia inahesabika pale tu siku zinapolingana. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, mwisho siku 15 kabla. Majibu kwa kawaida ni siku 15, ila faili likichunguzwa zaidi hufika 45, kwa hiyo Agosti umechelewa. Ada yuro 90, na ukinyimwa ndiyo imekwenda.

Jibu 2
Kuhusu benki, kila nchi ina kiwango chake cha kwa siku. Wengi wanaangushwa na mtiririko. Akaunti inaingiza laki nane kila mwezi, halafu wiki moja kabla ya maombi inatua milioni kumi kwa mkupuo. Hiyo inasomeka kama hela ya kuazima. Kama ni halali, umeuza kiwanja tuseme, ambatisha hati ya mauzo. Hela ya mchezo (ile ya kupeana kwa zamu) ndiyo ngumu, haina karatasi.

Barua ya mwajiri itaje tarehe za likizo na mshahara. Ikitaja mshahara kabla ya makato wakati benki inaonyesha uliokwisha kukatwa, namba zitapishana. Weka na salari slipi.

Jibu 3
Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10, ibakize angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka, na kurasa 2 tupu. Bima isipungue yuro 30,000 na ifanye kazi nchi zote za Schengen. Ya Ujerumani peke yake wataikataa. Tiketi usilipie bado, buking inatosha.

Muulizaji
Shukrani wakuu. Nikishaipata, naweza kuchepuka London siku mbili kisha nirudi Paris?

Jibu 2
Uingereza haimo kwenye Schengen, ina viza yake. Halafu angalia stika ya viza kwenye pasipoti: penye idadi ya kuingia pakiwa na 01, ukishatoka hurudi. Omba MULT (kuingia mara nyingi) tangu kwenye fomu, na ratiba yako iionyeshe hiyo London. Tarehe za “kuanzia” na “hadi” zisikuchanganye, siku za kukaa zimeandikwa sehemu yake. Ikiwa 14, siku ya kuingia na ya kutoka zote zimo humo.