ALIYEIVISHA CHUPA YA SODA MEDALI YA MWANANGU, MUNGU ANAMUONA

Wakuu, sijalala. Nimetoka kwenye shughuli Moss Side, Manchester, nimeendesha gari mpaka Wigan mikono ikitetemeka, na nisipoyatoa hapa nitapasuka. Jina silitaji. Mnamjua. Kila shughuli ya Waswahili kuanzia London hadi Glasgow yupo, bleza ile ile yenye nembo ya klabu yake ya raga ya Yunioni, ile ya watu 15, huko Kusini mwa Uingereza, sahani tatu, hotuba nne. Ndiye huyo.

Mwanangu ana miaka 11. Asubuhi timu yao ya mtaani ya raga ya Ligi, ile ya watu 13, ilibeba kombe, akavishwa medali. Tangu hapo hajaivua, kaoga nayo. Tumeingia ukumbini iko shingoni, kina shangazi wanampongeza, mtoto kifua mbele. Bwana yule akamwita, "Njoo nione." Akamvua. Akaigeuza, akasoma, akacheka mpaka meno ya nyuma yakaonekana. "Ligi? Hii si raga, babu. Huu mchezo wa wachimba makaa. Mwambie baba akulete Kusini uone raga." Kisha, wakuu nishikeni, akaivisha chupa ya soda. Medali ya mwanangu! Akaivisha shingo ya chupa, akapiga makofi, "Bingwa huyo!" Meza nzima ikaangua kicheko.

Mtoto hakulia. Angelia ningepata nafuu. Alinyoosha mkono, akaitoa kwenye chupa, akaifuta na shati kwa sababu ilikuwa inanata, akaitia mfukoni. Mfukoni!

Wachimba makaa? NDIYO, wachimba makaa! Wanaume wa Yorkshire na Lancashire walifanya kazi mpaka Jumamosi, ukienda kucheza unakatwa mshahara. Klabu za Kaskazini ziliomba kitu kimoja tu, mchezaji afidiwe alichokatwa kazini. Mwaka 1893 mabwana wa chama cha raga wakakataa. Ndipo tarehe 29 Agosti 1895 klabu zikakutana hotelini George, Huddersfield, zikajitoa, Ligi ikazaliwa; waliobaki ndio Yunioni. Kuanzia hapo aliyegusa Ligi, Yunioni hawakumtaka tena maisha yake yote. Na 1995, baada ya miaka 100, hao hao Yunioni wakaanza kulipana hadharani. Radhi mmesikia? Mimi sijasikia. Nimeona chupa.

Na maneno hayo anamwambia mtoto mweusi! Billy Boston, kijana wa Cardiff ambaye baba yake alitoka Sierra Leone, alikuja Wigan 1953 akafunga trai (kuweka mpira chini ng'ambo ya mstari) 478 kwa klabu yetu. Sanamu yake iko hapa mjini, mwanangu anaigusa kila tukipita. Mwaka 2025 kapewa cheo cha Sir. Mtoto anajua hayo yote kwa kichwa, halafu mtu mzima anachukua medali yake, anaivisha chupa!

Mla_Sembe_Leeds: Pole mkuu. Ila swali, wewe mikono yako ilikuwa wapi? Mtu anamvua mwanao wewe unaangalia kama sinema?

Baba_Wigan (mwenye uzi): Nilikuwa nimempakata mdogo wake amelala. Na yule ni rika la baba mdogo. Ningemfanyaje mbele ya wazee?

Mla_Sembe_Leeds: Kwa hiyo mbele ya wazee umenyamaza, hapa mtandaoni umekuwa simba. Haya.

Bi_Tausi: Mimi nilikuwa meza ya pili. Si meza nzima, walicheka watatu. Na ile chupa ilikuwa ya maji.

Baba_Wigan (mwenye uzi): Dada, ilikuwa SODA. Utepe unanata mpaka sasa hivi, niko nao mkononi.

Ngong_Road_Damu: Bleza kakosa adabu kwa mtoto, hilo nakubali. Lakini tuseme ukweli, kwetu Kenya nani anaijua hiyo Ligi? Sisi raga ni Shujaa, timu yetu ya taifa ya wachezaji saba. Singapore 2016, fainali, Fiji kala 30 kwa 7. Collins Injera huyo! Nililia mbele ya watoto wangu. Hakuna mtu pale aliyekuwa anacheza hiyo yenu ya watu 13, ya kuangushwa mara sita kisha mpira unapewa wenzako.

Baba_Wigan (mwenye uzi): Ndugu, Injera nampenda kama ndugu yangu wa damu, usiniguse hapo. Lakini mwambie huyo Bleza wako atafute Mei 1996. Wigan na Bath, bingwa wa Ligi na bingwa wa Yunioni, uwanja wa Maine Road, hapo hapo Moss Side alipokuwa anakula pilau! 82 kwa 6! Themanini na mbili!

Ngong_Road_Damu: Hizo zilikuwa sheria zenu. Zikaja zetu, Twickenham, Bath 44, Wigan 19. Hiyo umeiacha kwenye gari?

Baba_Wigan (mwenye uzi): Na katikati ya mechi hizo Wigan walienda Twickenham hiyo hiyo wakabeba kombe la Middlesex la wachezaji saba, sheria za Yunioni, nyumbani kwa Yunioni. Nani aliwavisha chupa siku hiyo?

Mto_Hull: Kila uzi wa Ligi ni Wigan, Wigan. Clive Sullivan mbona humtaji? Nahodha wa kwanza mweusi wa timu ya taifa ya Uingereza, akabeba Kombe la Dunia 1972. Alichezea klabu zetu zote mbili za Hull, ya mashariki na ya magharibi ya mto, na barabara kuu ya kuingia Hull ina jina lake. Mimi naishi mashariki ya mto, shemeji yangu magharibi, Ijumaa Kuu tukicheza sisi na wao hatusalimiani mpaka Pasaka ipite. Malalamiko ya kweli ni hayo, si chupa.

Jirani_St_Helens: Wala pai wa Wigan na kilio ni pete na kidole. Mtoto umlete huku, maili nane tu, hatuna bleza.

Baba_Wigan (mwenye uzi): Mwanangu St Helens? Bora hiyo chupa.

Kivu_Perpignan: Ndugu zangu, ninyi mmechekwa tu. Huku kusini mwa Ufaransa serikali ya Vichy, ile ya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, iliipiga Ligi marufuku mwaka 1941. Haikuwa mdomo mtupu, mali ilichukuliwa, pesa na vifaa, na hakikurudi kitu. Vita vilipokwisha wakaruhusiwa kucheza, lakini kujiita raga ikakatazwa, wakawa "mchezo wa kumi na tatu" miaka na miaka. Wazee wa hapa Perpignan ukiwagusia hilo kahawa inapoa mezani. Mwambie Bleza kwamba maneno yake, "hii si raga", kuna serikali iliwahi kuyafanya amri.

Baba_Wigan (mwenye uzi): Asante, asante sana. Umeniliza.

Mhamiaji_Brisbane: Mshangao wangu ni kwamba huku mambo ni kinyume. Queensland na New South Wales Ligi ndiyo mfalme, Yunioni ni ya shule za ada kubwa. Ukifika Melbourne hawataki hata moja, wana mchezo wao wenyewe, mpira wa Kiaustralia wa kwenye uwanja wa umbo la yai. Shida yangu ni mechi za Origin, Queensland na New South Wales, tatu kila mwaka. Meneja wetu ni mtu wa Sydney. Mwaka jana tulipofungwa alifunika kiti changu chote kwa bendera ya bluu, nikakaa nayo siku nzima. Kiti, si chupa!

Mto_Hull: Ulikaa juu ya bendera yao siku nzima? Mbona hapo wewe ndiye umeshinda.

Mhamiaji_Brisbane: Hilo sikuliwaza.

Kariakoo_Mtupu: Nimesoma uzi wote nikitafuta Simba na Yanga. Watu 13, watu 15, wote mnagaragara matopeni. Kilichoniuma mimi kwenye shughuli ile ni pilau. Nani aliweka viazi?

Bi_Tausi: Viazi vinawekwa. Kwetu Mombasa vinawekwa.

Kariakoo_Mtupu: Dada, ile haikuwa pilau yenye viazi, vilikuwa viazi vyenye pilau.

Jirani_St_Helens: Na nyama iliisha mapema. Sahani tatu za Bleza hizo.

Baba_Wigan (mwenye uzi): Mnaona? Sahani tatu! Halafu anaivisha chupa medali ya mtoto wa watu.

Mla_Sembe_Leeds: Viazi kwenye pilau nitavipinga mpaka kaburini.

Bi_Tausi: Tuacheni hayo. Nani ana namba ya mwenye shughuli? Sufuria langu kubwa limebaki jikoni pale ukumbini, na ukumbi wanafunga Jumatatu.