Mrejesho: onyo la MY-013360 kwenye logi ya MySQL limekwisha

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza kwa nini logi ya makosa ya MySQL 8.0 (mfumo wa hifadhidata) inajaa onyo MY-013360, kwamba mysql_native_password, plagini ya zamani ya kuthibitisha nywila za watumiaji, imepitwa na wakati, ilhali programu yetu ilishahamia ile mpya, caching_sha2_password.

Chanzo ni akaunti ya huduma ya bakapu. Onyo lenyewe halitaji jina la mtumiaji, na hapo ndipo ugumu ulipo. Aliyenishauri nilinganishe saa za maonyo na ratiba ya cron (inayoendesha kazi zenyewe kwa saa zilizopangwa), ubarikiwe sana: yalikuwa yanaangukia dakika ileile mysqldump, zana ya kuchukua bakapu, inapoanza. Nikaendesha amri hii ya kuorodhesha akaunti na plagini zake:

SELECT user, host, plugin FROM mysql.user;

Akaunti ya bakapu peke yake ndiyo ilibaki na plagini ya zamani. Nimeihamisha kwa ALTER USER … IDENTIFIED WITH caching_sha2_password, nikaweka nywila mpya kwenye faili la usanidi na kuijaribu kwa mkono kabla ya zamu ya usiku. Onyo halijarudi.

Mlio bado kwenye 8.0 msilipuuze. Toleo la 8.4 linakuja na plagini hiyo ikiwa imezimwa, na 9.0 imeiondoa kabisa, kwa hiyo akaunti ya namna hii haitaingia tena na bakapu haitachukuliwa.