Tunaenda Uturuki Januari, tutalala kwa familia: tubebe nini, na chakula je?

Mpanda Miche, Kakamega

Wadau, hamjambo. Sisi ni kikundi cha kujitolea, tunapanda miche pembeni mwa msitu wa Kakamega. Mwaka jana tulipokea vijana wanane kutoka Trabzon, pwani ya Bahari Nyeusi. Walikula ingokho, kuku wa kwetu, wakakanyaga matope na sisi. Sasa ni zamu yetu: siku kumi, tutalala wawili wawili nyumbani kwa watu. Baridi siiogopi. Nasikia mgeni huko hulishwa mpaka aombe msamaha. Nikikataa si nitaonekana sina adabu? Halafu mama ameshanunua gorogoro mbili za omena niwapelekee. Nimwambieje?

Mama wa Kondele, Kisumu

Mdogo wangu, hiyo omena mwachie mama. Si kwamba watu wa Trabzon hawajui samaki wadogo. Wana wao, hamsi, mrefu kama kidole, na Januari ndio msimu. Wanamkata kichwa, wanamviringisha kwenye unga wa mahindi, kisha wanawapanga kwa duara kikaangoni wakibanana, na wote hugeuzwa kwa mpigo mmoja kama chapati. Nilipoletewa sahani ile nilicheka peke yangu. Nimetoka Kisumu, nimekaa hewani karibu saa saba Nairobi mpaka Istanbul, nikapanda ndege nyingine, kumbe nafuata omena!

Na si hiyo tu. Asubuhi waliweka mezani kuymak: unga wa mahindi, siagi na jibini, ukivuta kijiko inakufuata mpaka mdomoni. Jioni supu ya karalahana, ambayo kwa macho yangu ni sukuma wiki. Ugali, sukuma, omena. Tumbo lako lisikutie hofu.

Cha kuogopa ni nyusi zako. Usiku wa kwanza mama mwenyeji (tulimwita teyze, ndivyo wanavyomwita mama mdogo) alisimama na upawa akaniuliza kama aniongeze. Mdomo ulikuwa umejaa, nikainua nyusi kama tunavyofanya huku, yaani ndiyo. Akarudisha upawa sufuriani. Akaja tena, nikainua tena, juu kabisa. Akasikitika, akaondoa sahani. Nikalala njaa katika nyumba yenye chakula cha kutosha matanga! Kesho yake kijana wake ndiye aliyenifungua macho: kwao kuinua nyusi ni hapana. Wakati mwingine wanaongeza na mlio wa ulimi, “nch”. Ukiusikia usidhani unasonywa.

Kukataa kunawezekana, ila kuna njia yake. Weka mkono kifuani, sema “doydum”, nimeshiba. Sahani ukiimaliza kabisa, inajazwa. Chai nayo huja kwenye vigilasi vyembamba kiuno, bila maziwa, na havikomi mpaka ulaze kijiko juu ya glasi. Ukishakula mwambie aliyepika “elinize sağlık”, afya kwa mikono yako. Teyze wetu akisikia hivyo alikuwa anageuka mtoto.

Fundi wa Nakuru

Mama amesahau soksi. Viatu vinabaki mlangoni, unapewa malapa ya ndani, na kabla ya malapa kila mtu ameona kidole chako kikichungulia. Yalinikuta. Pia ukimiminiwa marashi ya limau mikononi, paka mikononi. Mwenzangu alikinga viganja akitaka kunywa.

Mpanda Miche, Kakamega

😂 Asanteni. Nyusi nitazifunga. Basi nibebe zawadi gani? Nilifikiria majani chai ya Nandi.

Mama wa Kondele, Kisumu

Peleka, lakini jua unapeleka mahindi Kitale. Rize, jirani na Trabzon, ni milima ya chai tupu. Mimi nilipeleka, tena nikajitia kuipika ya kwetu: maziwa, tangawizi, ichemke mpaka ipande. Baba yake teyze, mzee sana, alikunywa glasi ya kwanza kimya. Ya pili pia. Ya tatu nilipoinua birika, nikakuta kijiko kimelala juu ya glasi. Mzee wa watu!

Kilichopendwa ni kiondo. Kesho yake teyze alikwenda nacho sokoni, akawa anasimamisha kila mtu. Siku moja akanituma kwa jirani na sahani ya maandazi yao. Ilirudi na jozi, zile njugu za kuvunja ganda. Nikauliza, nikaambiwa sahani ya mtu hairudishwi tupu. Ni kama nilikuwa Kondele.

Siku ya kuondoka alimwaga jagi la maji nyuma ya gari. Mwenzangu alishika mkono wangu, akadhani tunarogwa. Maana yake ni: nenda kama maji, rudi kama maji. Usije ukapiga mayowe kama yeye.

Mpanda Miche, Kakamega

Nimemsomea mama yote. Ameuliza swali moja tu, kama huyo teyze anajua kupika omena na nyanya. Kiondo atanunua yeye. Omena inapikwa Jumamosi, kikundi kizima tunakula kwetu. Mama wa Kondele, ukipata matatu ya asubuhi utatukuta.

Mama wa Kondele, Kisumu

Nimeinua nyusi. Za huku.