Mjadala: Malkia Mary wa Kwanza wa Uingereza ameonewa kuitwa "Mwaga Damu"?

Mleta mada: Malkia huyu Mkatoliki alitawala kuanzia Julai 1553 hadi Novemba 1558, na Waprotestanti karibu 280 wakachomwa moto wakiwa hai. Nasema ameonewa. Akiwa na miaka 17 baba yake, Henry VIII, alimvua cheo cha binti mfalme. Hakuruhusiwa kumwona mama yake hata alipokuwa mahututi. Mama akafariki Januari 1536, na Juni hiyohiyo binti akalazimishwa kutia saini kwamba ndoa ya wazazi wake ilikuwa batili.

Mchangiaji wa 1: Pole zake, mkuu, lakini tazama utaratibu. Sheria ya uzushi ya 1401, ya kuwachoma moto wanaopinga mafundisho ya Kanisa, ilikuwa imeshafutwa. Bunge lake ndilo lililoirudisha mwishoni mwa 1554. Askofu anamhoji mshitakiwa, hasa kuhusu mkate wa ekaristi: umegeuka mwili wa Kristo au la? Asipotubu anakabidhiwa kwa sherifu, yaani ofisa wa serikali, maana Kanisa lenyewe haliui. Askofu Bonner wa London alipozembea, Mei 1555 Mary na mumewe Philip walimwandikia kumkemea. Halafu Cranmer, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, yule aliyebatilisha ndoa ya mama yake: alitubu kwa maandishi, na kwa desturi aliyetubu mara ya kwanza huachiwa roho yake. Mary akakataa. Tarehe 21 Machi 1556, pale Oxford, Cranmer akaikana toba yake, akatanguliza motoni mkono wa kulia uliotia saini. Hicho ni kisasi.

Mchangiaji wa 2: Na moto wenyewe ulimharibia jina. Askofu wa Kiprotestanti Ridley, Oxford, Oktoba 1555: kuni zilirundikwa nyingi mno upande wake, moto ukakosa hewa ya kupanda. Miguu ikaungua, kifua kikabaki kizima, hadi mtu alipoziondoa kuni za juu na mwali ukaifikia baruti aliyofungiwa shingoni ili afe upesi. Umati uliona yote. John Foxe alipochapisha 1563 kitabu chake kuhusu Waprotestanti waliouawa kwa imani yao, watu walikuwa bado wanakumbuka.

Mleta mada: Kwa Cranmer nakubali, hana utetezi. Ila baada ya uasi wa Wakatoliki wa kaskazini wa 1569, Elizabeth, mdogo wake Mprotestanti aliyemrithi, alinyonga mamia, na hakuna anayemwita Mwaga Damu. Mary angezaa mrithi Mkatoliki 1555, badala ya kungoja katika kasri la Hampton Court mimba ambayo haikuwepo, Foxe asingepata pa kuchapishia London.

Mchangiaji wa 1: Wa 1569 walikuwa wafuasi wa uasi wa silaha. Waliochomwa na Mary wengi ni wafumaji, vibarua na wajane, wanawake zaidi ya 50, na kosa lao ni jibu walilotoa kuhusu mkate.